Redio mbili tofauti kwenye njia moja ya SPI: je, kiolesura kimoja kinatosha?

MezaYaKahawa, Mbale (Jumatatu, saa 3:20 usiku)

Hamjambo wanajukwaa. Nimekuwa msomaji tu hapa kwa muda mrefu, lakini safari hii nimekwama na naomba mnisaidie.

Ninatengeneza mtambo wa kufuatilia kahawa inayokaushwa kwenye meza za chama chetu, huku miteremko ya Mlima Elgon. Kahawa iliyooshwa hukaa mezani siku kadhaa mpaka unyevu wake ushuke hadi asilimia 11 au 12, na mvua ya alasiri ikiikuta haijafunikwa, jasho la siku hizo zote huwa limepotea. Kila meza ina kihisi cha joto na unyevu wa hewa pamoja na redio ya nRF24L01+, na meza zote sita zimekuwa zikituma bila matatizo tangu msimu uliopita. Sasa nataka kituo cha kati kilichopo uwanjani kipokee habari za meza kwa nRF24, kisha kizipeleke ofisini kwetu bondeni, umbali wa kilomita 5 hivi, kwa LoRa, yaani redio ya kufika mbali. Kwa ajili hiyo nilinunua moduli ya RFM95 yenye chipu ya SX1276 kwenye duka moja la Kampala.

Kidhibiti ninachotumia ni ATmega328P kwenye bodi ya Uno. Nyaya za SPI, njia ambayo kidhibiti huzungumza na chipu nyingine, yaani MOSI (kutoka kwenye kidhibiti), MISO (kurudi kwake) na SCK (mapigo ya saa), ni za pamoja. CS (waya wa kuchagua chipu) ya nRF24 iko kwenye pini 8 na CS ya LoRa iko kwenye pini 10. Moduli zote mbili zinapata umeme kutoka kwenye pini ya volti 3.3 ya bodi hiyo hiyo. Nikiweka moduli moja peke yake, inafanya kazi. Nikiziweka zote mbili, rejista 0x42 ya SX1276 (nafasi ndogo ya namba ndani ya chipu), ambayo inapaswa kujibu 0x12 kila inaposomwa, inajibu 0x00, mara 0x10, na mara chache sana 0x12 yenyewe. Nimebadilisha nyaya mara tatu bila mafanikio.

Swali la pili ni la programu. Msimbo wangu umejaa masharti ya “ikiwa ni nRF24 fanya hivi, ikiwa ni LoRa fanya vile”, nimeyahesabu nikakuta yako mahali 14. Ningependa programu kuu iseme “tuma” na “pokea” tu, isijue ni redio gani iliyo chini yake, kwa sababu mwakani huenda tukaongeza redio nyingine, CC1101 au SX1262. Je, kiolesura cha namna hiyo kinawezekana bila kumeza kumbukumbu yote ya kidhibiti kidogo kama hiki?

---

fundi_wa_solda, Jinja (Jumatatu, saa 4:05 usiku)

Ndugu yangu, nitaanza na umeme, kwa sababu programu nzuri juu ya nyaya mbaya ni sawa na kupaka rangi nyumba inayovuja.

Kabla ya lolote, iondoe hiyo RFM95 kwenye bodi ya volti 5 usiku huu huu. nRF24 ilikuvumilia kwa sababu pini zake za kupokea ishara zimetengenezwa kustahimili volti 5 hata kama chipu yenyewe inalishwa volti 3.3. SX1276 haina ustahimilivu huo. Ulipoziunganisha kwenye njia moja, MOSI na SCK zilizokuwa salama kwa jirani zimekuwa zikiichapa LoRa volti 5 kila mara zinapopanda. Kama bado inajibu 0x12 ikiwa peke yake, shukuru. Tafuta bodi ya ATmega328P ya volti 3.3 inayokwenda kwa megahezi 8. Usishushe volti ya ile ya megahezi 16 ukaiacha na kasi yake, kwa maana kwa volti hiyo chipu haijaidhinishwa kufika huko.

Umeme pia hautoshi. Pini ya volti 3.3 ya Uno imepangiwa miliampea 50, na SX1276 ikituma kwa nguvu ya dBm 20 hula miliampea 120 hivi. Weka regyuleta yake ya pembeni, na kapasita ya mikrofaradi 10 karibu kabisa na miguu ya umeme ya kila moduli. Usiiweke upande wa pili wa ubao.

Sasa twende kwenye hizo 0x00 na 0x10, ambazo kwa kweli zimenifurahisha, kwa sababu zinaeleza kisa kizima. Nadhani programu yako huanzisha LoRa kwanza na nRF24 baadaye. Wakati LoRa inaulizwa rejista 0x42, pini 8 bado haijapewa kazi yoyote. Haiko juu wala chini, inaelea, na nRF24 inaweza kuiona iko chini ikadhani imechaguliwa. Hapo chipu mbili zinasikia swali moja. Kwa SX1276, 0x42 maana yake ni “nisomee namba ya toleo”. Kwa nRF24, baiti hiyo hiyo ya 0x42 haimo kwenye orodha ya amri zake, lakini maadamu inadhani imechaguliwa, nayo huushika waya wa MISO. Basi kwenye waya mmoja wa MISO, mmoja anavuta juu biti mbili za 0x12, na mwingine anaweza kuzivuta chini. Biti moja ikishinda unaweza kupata 0x10, zote zikishindwa unapata 0x00. Nyaya zako hazikuwa na kosa.

Tena ni afadhali imekuwa kusoma. Kuandika kwenye rejista 0x20 ya LoRa huanza na baiti 0xA0, na hiyo kwa nRF24 ni amri ya kupakia data ya kutumwa. Ungeweza kukaa mwezi mzima ukishangaa takataka zinatoka wapi.

Dawa ni mbili, na uzitumie pamoja. Weka rezista ya kilo-omu 10 kutoka kila pini ya CS kwenda volti 3.3, ili chipu ibaki kimya hata kidhibiti kikiwa bado kinaamka. Halafu, mwanzoni kabisa mwa programu, kabla ya kuanzisha redio yoyote, zifanye pini zote za CS kuwa za kutoa ishara na uzipandishe juu. Ukibadilisha tu mpangilio, ukaanza na nRF24, tatizo litaonekana limepona, kwa sababu pini 10 hupandishwa na maktaba ya SPI yenyewe. Usiridhike na hilo. Siku utakapoongeza redio ya tatu litarudi.

---

MezaYaKahawa, Mbale (Jumanne, saa 1:40 asubuhi)

Fundi, umenisoma kana kwamba ulikuwa umekaa mezani pangu. Ni kweli LoRa ndiyo inayoanza. Nimeichomoa usiku ule ule. Kuna mtu hapa mjini ana bodi ya volti 3.3, nitaifuata leo.

Jambo moja dogo: moduli yenyewe haina alama yoyote ya masafa. Ule mraba wa kuwekea alama ya 433, 868 au 915 hauna kitu. Muuzaji alisema “hii inafanya zote”. Je, ni kweli?

---

antena_fupi, Kampala (Jumanne, saa 2:15 asubuhi)

Muuzaji amesema nusu ya ukweli. Chipu ya SX1276 yenyewe hukubali masafa kutoka megahezi 137 hadi 1020, kwa hiyo ukiiandikia 433 au 868 itakubali bila kulalamika, na 0x12 yako itasomeka vilevile. Lakini kati ya chipu na antena kuna koili na kapasita ndogo ndogo zilizopangwa kwa bendi moja tu, na hizo programu haiwezi kuziona. Tuma kwa masafa mawili, kwa nguvu ndogo na antena inayofaa kila moja, kisha pima nguvu ya ishara upande wa pili mita 100 hivi. Tofauti itakuwa kubwa kiasi kwamba hutahitaji kubahatisha. Kwa waya wa robo ya wimbi, 868 inataka sentimita 8.6 na 433 inataka 17.3. Usitume kabisa bila antena.

Ikidhihirika kuwa ni ya 915, usiitumie. Uganda iko Kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), na ile bendi ya 902 hadi 928 ambayo mafunzo mengi ya mtandaoni huitumia imetengwa kwa matumizi hayo katika Kanda ya 2, yaani mabara ya Amerika. Kwetu, sehemu ya chini ya bendi hiyo hadi 915 inaingia moja kwa moja kwenye masafa ambayo simu za GSM za 900 hutumia kuzungumza na minara. Na hata kwa 433 au 868, waulize Tume ya Mawasiliano kuhusu masharti ya nguvu na muda wa kutuma kabla hujapandisha antena juu ya paa la chama. Barua ya kuuliza ni rahisi kuliko barua ya kujitetea.

---

mwalimu_wa_saketi, Gulu (Jumanne, saa 2:50 usiku)

Nimefurahi kwamba umeme umekwisha kushughulikiwa, kwa hiyo nitashika swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu zaidi. Mnisamehe nikikwama kwenye istilahi; darasani mambo haya tumezoea kuyasema kwa Kiingereza.

Kiolesura cha pamoja kinawezekana, na hakihitaji kuwa kikubwa. Mimi hutumia kazi sita tu: anzisha, tuma, hali, pokea, lala na uwezo. Kila kiendeshi (programu ndogo inayoongoza redio moja) hujaza jedwali la anwani za kazi hizo sita, na programu kuu hushika anwani ya jedwali peke yake. Kwenye ATmega328P yenye kilobaiti 2 za RAM, jedwali la namna hiyo hula baiti 12 kwa kila redio. Ukitumia madarasa ya C++ yenye kazi pepe (virtual) utapata kitu kile kile, ila ujue kwamba kwenye chipu hizi kikusanyaji (compiler) huyaweka majedwali hayo ndani ya RAM bila kukuuliza.

Watu wengi hukosea kwa kuingiza ndani ya kiolesura kila kitu ambacho redio mojawapo inaweza kufanya. Namba ya kuenea (spreading factor) ya LoRa, ambayo ikipanda kila alama hukaa hewani zaidi, haina maana yoyote kwa nRF24, na namba ya chaneli ya nRF24, ambayo ni megahezi 2400 kuongeza namba hiyo, haina maana kwa LoRa. Mambo hayo yabaki ndani ya muundo wa mipangilio ambao kila kiendeshi hupewa siku ya kuanzishwa, na baada ya hapo programu kuu isiyaguse. Tofauti ambazo programu kuu inalazimika kuzijua ndizo huwekwa ndani ya kazi ya “uwezo”. Kubwa kati ya hizo ni urefu wa pakiti. nRF24 hubeba baiti 32 kwa mara moja, CC1101 ina hifadhi ya baiti 64, na SX1276 ina 256. Kukata ujumbe mrefu vipande vipande ni kazi ya tabaka la juu linalouliza uwezo. Kiendeshi kisijitwike kazi hiyo.

Tofauti ya pili ni muda, na hapa ndipo nakuomba usimame kidogo. Chukua ujumbe wa baiti 20. Kwa nRF24 ya kilobiti 250 kwa sekunde, ujumbe huo huwa hewani kwa chini ya milisekunde moja. Kwa LoRa yenye upana wa kilohezi 125 na namba ya kuenea 7, ni milisekunde 57 hivi. Ukipanda hadi 12, alama moja peke yake inachukua milisekunde 32.768, na ujumbe wote unafika sekunde 1.3. Kazi ya “tuma” inayosubiri mpaka redio imalize haitaonekana kuwa na kosa ukiwa na nRF24, kisha itakusimamishia mtambo mzima siku utakapoweka LoRa chini yake. Kwa hiyo “tuma” ikabidhi data na kurudi papo hapo, na “hali” ndiyo iulizwe kama kazi imekwisha.

Tofauti ya tatu haionekani kabisa, nayo imenipotezea majuma. Ni maana ya neno “imefanikiwa”. nRF24 ikiwa imewashiwa majibu ya kiotomatiki, hutuma, husubiri jibu, hurudia yenyewe hadi mara 15, na inapokuambia imefanikiwa maana yake ni kwamba upande wa pili umepokea. SX1276 inapokuambia imemaliza kutuma, maana yake ni kwamba mawimbi yametoka kwenye antena, basi. Huenda hakuna aliyesikia. Ukiziweka redio hizi mbili nyuma ya kazi moja inayojibu ndiyo au hapana, umeandika kiolesura kinachosema uongo nusu ya wakati. Mimi huifanya “hali” itofautishe majibu matatu: imeondoka, imepokelewa, imeshindikana. LoRa haifiki kamwe kwenye “imepokelewa” peke yake. Tabaka la juu ndilo linalotuma namba ya ujumbe na kungoja jibu.

Mengine ni madogo. Pini ya katizo (interrupt) ya nRF24, ambayo redio huitumia kukiita kidhibiti, hushuka chini inapokuita, na ile ya SX1276, DIO0, hupanda juu. Kila kiendeshi kijue lake. Ndani ya kazi ya katizo usiguse SPI, inua bendera tu na uondoke, la sivyo siku moja LoRa itaita katikati ya mazungumzo na nRF24 na baiti zitachanganyika. Ukija kuongeza SX1262, kumbuka kwamba hiyo huongozwa kwa amri na ina pini ya BUSY ambayo lazima ishuke kabla hujaipa amri nyingine.

---

haraka_haraka, Mbarara (Jumatano, saa 6:10 mchana)

Kwa heshima zote, Mwalimu, kwa nini ajichoshe kuandika haya yote? Kuna maktaba tayari: RadioHead ina darasa moja la msingi ambalo viendeshi vyake vyote hulifuata, na RadioLib nayo ina lake, tena inashughulikia nRF24, CC1101, SX127x na SX126x. Ningekuwa mimi ningeshapata usingizi.

---

mwalimu_wa_saketi, Gulu (Jumatano, saa 1:30 usiku)

Hoja yako ni ya haki, na kama angekuwa anaanza leo ningemwambia aanze na mojawapo, hasa RadioLib, ambayo leseni yake ya MIT haimfungi kwa lolote. Lakini meza zake sita tayari zinazungumza kwa mpangilio wake mwenyewe. RadioHead huweka baiti 4 za anwani mbele ya kila ujumbe, kwa hiyo kwenye nRF24 zinabaki 28, na pande zote mbili lazima zikubaliane na jambo hilo. Maana yake atapanda na kompyuta mkononi kwenda kubadilisha programu ya kila meza. Halafu apime pia nafasi: chipu yake ina kilobaiti 32 tu za programu. Anaweza kutumia kiendeshi cha SX1276 cha maktaba ndani ya jedwali lake la kazi sita, akaiacha nRF24 ilivyo. Hakuna anayedai achague moja kikamilifu.

---

MezaYaKahawa, Mbale (Jumapili, saa 2:05 usiku)

Nimerudi na habari. Bodi ya volti 3.3 imepatikana, rezista za CS zimewekwa, na nimesoma rejista 0x42 mara 1000 mfululizo: zote ni 0x12. Moduli ni ya 868. Kwa 433 ilisikika kwa shida ng’ambo ya uwanja. Barua ya kuuliza masharti imekwisha kuandikwa, na kituo kitabaki mezani kwa majaribio mafupi ya nguvu ndogo mpaka jibu lije.

Nimefuata kazi sita za Mwalimu na yale masharti 14 yamebaki mawili, yote yakiwa mahali pa kuanzisha. Ila kwanza nilikuwa mkaidi, nikaiacha “tuma” ya LoRa isubiri, nikisema moyoni kwamba sekunde moja si kitu. Meza tatu za kwanza zilifika vizuri, na ya nne, ya tano na ya sita zikawa zinapotea karibu kila mzunguko. Nilidhani ni betri. Kumbe meza hutuma zikifuatana, na nRF24 ya kituo ina nafasi ya kuhifadhi pakiti tatu tu. LoRa ikiwa hewani sekunde 1.3 huku programu imesimama kuisubiri, nafasi hizo hujaa, pakiti ya nne hutupwa bila kujibiwa, na meza iliyoituma hurudia mara 15 kwa mwanya wa milisekunde 4, yaani milisekunde 60 na ushei, kisha hukata tamaa. Nilipoifanya “tuma” irudi papo hapo, meza zote sita zikaingia.

Neno “imepokelewa” bado sijalimaliza upande wa LoRa. Kwa sasa ofisi inarudisha namba ya ujumbe, na kituo kinarudia mara mbili tu kisha kinaacha, kwa kuwa habari ya joto ya dakika kumi zilizopita haina kazi ikiwa mpya imekwisha kufika. Pia nimepunguza namba ya kuenea hadi 9 ili nisikae hewani muda mrefu. Kama kilomita 5 zitaikubali, nitajua siku tutakayopandisha antena juu ya ghala, na vipimo vya nguvu ya ishara nitaviweka hapa.